Mwanagenzi wa Sodbury: Maisha ya Edward Jenner, tabibu wa shamba

Jina la Edward Jenner wengi wetu tulilisikia mara ya kwanza darasani, likitajwa kwa sentensi moja na mwalimu aliyekuwa na haraka ya kufika kwa Pasteur: Mwingereza aliyegundua chanjo ya ndui mwaka 1796. Basi. Tukaandika, tukakariri, tukapasi mtihani, tukasahau. Nimekuwa nikiyasoma maisha ya bwana huyu kwa muda sasa, na kila nikizidi kusoma naona ya kwamba sentensi ile ya mwalimu iliacha nje jambo lenyewe. Jenner hakuwa profesa wa chuo kikuu wala bingwa wa hospitali ya mji mkuu. Alikuwa mtu wa shamba. Alizaliwa shamba, akajifunza utabibu shamba, na shamba ndiko alikozikwa. Na dawa iliyomletea jina ilikuwa, kwa miaka mingi kabla yake, mazungumzo ya wakama ng'ombe.

Kwanza niitaje ndui yenyewe, maana kijana wa leo ukimtajia ndui hufikiri unamwambia tetekuwanga. Ndui ilianza kwa homa kali na maumivu ya mgongo, kisha vikatoka vipele vilivyojaa usaha kuanzia usoni hadi nyayoni. Aliyepona aliachwa na mashimo usoni, na wengine walipofuka. Katika Ulaya ya karne ya 18 hukadiriwa iliua watu 400,000 kila mwaka, wala haikuchagua mlango wa kubisha. Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa alikufa kwa ndui mwaka 1774, katikati ya kasri yake na matabibu wake wote.

Edward Jenner alizaliwa tarehe 17 Mei 1749 huko Berkeley, jimbo la Gloucestershire, magharibi ya Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa kanisa la hapo, naye Edward alikuwa mtoto wa nane kati ya tisa. Mwaka 1754, akiwa na miaka mitano tu, alifiwa na mama na baba, wote wawili katika muda wa wiki chache. Kaka yake mkubwa, Stephen, aliyekuwa kasisi pia, ndiye aliyemlea.

Nchi ile husifiwa na kila aliyeiandika. Upande mmoja kuna bonde pana la mto Severn, na mto huo una jambo ambalo sisi watu wa pwani tutalielewa upesi kuliko watu wa bara: siku za bamvua maji ya kujaa huingia mtoni kwa nguvu hadi, huko juu mto unakobanwa, wimbi moja hupanda kinyume cha mkondo kama ukuta unaotembea. Upande wa pili vimeinuka vilima vya Cotswold, na katika miji yake nyumba zimejengwa kwa mawe ya rangi ya asali. Kati ya mto na vilima ni malisho. Ng'ombe wa Gloucester ni wa rangi ya kahawia iliyokoza, mfano wa mbao ya mkangazi, na mgongoni wana mstari mweupe ushukao hadi mkiani. Maziwa yao hufanywa jibini inayojulikana Uingereza nzima. Katika mashamba hayo Edward mdogo alishinda akitafuta viota vya wanyama wadogo na kuokota visukuku, yaani mawe yaliyohifadhi umbo la viumbe vya zama za kale.

Alipofika miaka minane akakutana na ndui, na alikutana nayo kwa kupelekwa. Siku zile kulikuwa na njia ya kujikinga: huchukuliwa usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui, mtu mzima wa afya akachanjwa nao mkononi, apate ndui ndogo ili asipate kubwa. Wengi walipona, ila wachache walikufa, na aliyechanjwa aliweza kumwambukiza jirani.

Njia hiyo haikuzaliwa Ulaya. Bibi mmoja Mwingereza, Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi aliyepelekwa katika dola ya Sultani wa Uturuki, aliwaona wanawake wazee wakiifanya huko mwaka 1717. Mwaka uliofuata akamchanjisha mwanawe wa kiume mjini Istanbul, na mwaka 1721 binti yake mjini London. Mwaka huohuo 1721 ndui ilipoingia Boston, Marekani, njia hiyo ilijaribiwa kwa sababu mtumwa mmoja Mwafrika aitwaye Onesimus alikuwa amemweleza bwana wake, kasisi Cotton Mather, kwamba yeye alichanjwa utotoni kwao Afrika. Na karne nyingi kabla ya wote hao, tabibu Al-Razi wa mji wa Rayy, aliyefariki yapata mwaka 925, alikuwa ameandika risala nzima ya kutenganisha ndui na surua, ambayo baadaye ilifasiriwa Kilatini na kusomwa na matabibu wa Ulaya. Nayasema haya kwa ajili ya kuweka hesabu sawa tu, maana kuna watu wakisimulia habari ya ndui huanza Uingereza na kumalizia Uingereza.

Basi Edward alipelekwa mji wa Wotton-under-Edge, chini ya vilima, ili achanjwe. Matayarisho ya wakati ule yalikuwa adhabu. Kwa wiki sita alitolewa damu, akaharishwa, akanyimwa chakula cha maana hadi akawa mifupa. Kisha alipochanjwa alifungiwa katika banda pamoja na watoto wengine, kila mmoja na vipele vyake, mpaka magamba yakauke. Alitoka mzima wa mwili, lakini kwa muda mrefu baadaye hakulala vizuri na alikuwa mwepesi wa kushtuka kwa kelele. Mtoto huyo hatuna haja ya kuuliza kwa nini alipokuwa mtu mzima alitafuta njia nyingine.

Kabla hajatimiza miaka 15 akafanywa mwanagenzi wa tabibu mpasuaji katika mji mdogo wa soko uitwao Chipping Sodbury, kusini ya Berkeley, akakaa huko hadi alipofika miaka 21. Hapa nataka tutue kidogo, kwa sababu wengi wa waandishi hupita Sodbury mbio wakikimbilia London.

Utabibu wa Uingereza ya siku zile ulikuwa na matabaka. Juu walikaa waliosoma vitabu vya Kilatini katika vyuo vya Oxford na Cambridge, watu wa kuvaa nywele za bandia na kutoa shauri bila ya kumgusa mgonjwa sana. Chini yao walikuwa wapasuaji na wachanganya dawa, nao hawakusomea chuoni. Walijifunza nyumbani mwa bwana wao, kwa mkataba wa miaka kadhaa ambao wazazi waliulipia. Kwa desturi ya mikataba hiyo mwanagenzi aliahidi kutii, kutunza siri za kazi, kutooa, kutocheza kamari na kutoingia vilabuni. Bwana naye aliahidi kumlisha, kumlaza na kumfundisha.

Sisi tuliokaa chuoni kabla ya kupelekwa shule za serikali tunaujua mtindo huo bila ya kuelezwa. Mwalimu hukufundisha herufi, lakini vilevile utamtekea maji, utafagia baraza yake, utatumwa sokoni, na katika hayo yote utajifunza mambo ambayo hayamo katika msahafu wala katika ubao: namna ya kuketi, namna ya kunyamaza, namna ya kumsikiliza mtu mzima anaposema jambo usilolielewa bado. Kazi za mwanagenzi wa utabibu zilikuwa na sura hiyo. Alitwanga dawa kinuni, akaviringa vidonge, akaosha chupa, akatunza farasi. Mgonjwa alipokatwa mguu, yeye ndiye aliyemshika, na ikumbukwe kwamba dawa ya usingizi haikujulikana bado. Ilikuja miaka ya 1840. Na zaidi ya yote, alifuatana na bwana wake kwa farasi kwenda kwa wagonjwa, mashamba kwa mashamba, mvua na theluji.

Tabibu wa mjini huletewa mgonjwa. Tabibu wa shamba humkuta mgonjwa kwake. Huona kisima anachokunywa, banda la wanyama lililogusana na jiko, watoto wangapi wanalala kitanda kimoja. Akimaliza kazi huketi, akapewa kipande cha mkate na jibini, na watu wakamweleza mambo ambayo hakuyauliza. Jenner alipata miaka mingi ya elimu hiyo katika umri ambao akili ya kijana hunasa kila kitu.

Katika mambo yaliyosemwa mashambani kulikuwa na hili. Baadhi ya nyakati kiwele cha ng'ombe hutoka vipele. Anayemkama hupata malengelenge mikononi, homa ndogo, uvimbe wa kwapa, kisha hupona. Waliita ndui ya ng'ombe. Na watu wa shamba walishika kwamba aliyepata hiyo hapati tena ile ndui kubwa. Wasichana wakama maziwa walisifiwa kwa nyuso laini zisizo na mashimo.

Kuna kisa mashuhuri kwamba msichana mmoja mkama maziwa alifika dukani kwa bwana wa Sodbury, akamwambia mwanagenzi Jenner ya kuwa yeye haiogopi ndui kwa kuwa alikwisha pata ya ng'ombe, na maneno hayo yakamkaa kijana rohoni maisha yake yote. Kisa hiki kilienezwa na rafiki yake aliyeandika habari za maisha yake baada ya kufa kwake, na wanahistoria wa siku hizi wanakitilia shaka. Nami nakitilia shaka, kwa sababu nyingine: kimekuwa kizuri mno. Msichana mmoja, sentensi moja, mara moja. Elimu ya shamba haiji hivyo. Huja kwa kusikia neno lilelile kwa watu arubaini, katika mashamba arubaini, mpaka siku moja unajiuliza kwa nini wote wasema sawa.

Lililo na ushahidi zaidi ni la tabibu John Fewster wa Thornbury, mji ulio baina ya Berkeley na Bristol. Alipokuwa akiwachanja watu kwa ile njia ya zamani, yapata mwaka 1768, aliona wengine hawashiki kabisa. Mkono hauvimbi, homa haiji. Akapata habari kwamba walikwisha ugua ndui ya ng'ombe. Matabibu wa mitaa ile wakalizungumza. Hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kufuatwa.

Mwaka 1770 Jenner alikwenda London kumalizia masomo kwa John Hunter, mpasuaji mkubwa wa hospitali ya St George's, akakaa nyumbani kwake kama miaka miwili. Hunter alikuwa Mskoti mkali wa maneno, asiyependa nadharia, na nyumba yake ilijaa mizoga, mifupa na wanyama hai. Kwake mwanafunzi alijifunza jambo moja: usikae ukidhani, jaribu uone. Kapteni Cook aliporudi mwaka 1771 kutoka safari yake ya kwanza, Jenner alisaidia kupanga mikusanyo ya viumbe iliyoletwa na Joseph Banks, tena akapewa nafasi ya kwenda safari ya pili kama mtaalamu wa viumbe. Kijana gani wa miaka 23 angekataa? Yeye alikataa. Akarudi Berkeley.

Wapo walioona kuwa ni uvivu au woga. Mimi naona kwamba alikuwa na neno lake huko.

Maisha yake ya Berkeley yalikuwa ya tabibu wa kawaida mwenye mambo mengi. Rafiki yake mmoja alimweleza akiwa juu ya farasi na koti la buluu lenye vifungo vya manjano na viatu virefu vyenye vichokoo vya fedha. Alipiga filimbi na fidla. Alitunga mashairi, mengine juu ya ndege na dalili za mvua. Wajuzi wa Kiingereza hawamhesabu katika malenga wakubwa, lakini sisi tulio katika kazi hii twajua ya kwamba shairi dogo lililotungwa na mtu aliyetazama vizuri lina thamani yake. Mwaka 1784 alirusha puto la hewa nyepesi kutoka kasri ya Berkeley, wanakijiji wakastaajabu. Mwaka 1788 akamwoa Catherine Kingscote.

Hunter hakumwacha apumzike. Barua zilikuja kutoka London mfululizo, zikitaka hiki na kile: kalunguyeye, mayai ya samaki, ndege. Kwa maagizo ya Hunter alipima joto la kalunguyeye waliolala usingizi wa baridi. Na alimchunguza kekeo, ndege atagaye katika kiota cha ndege mwingine. Watu walijua kwamba makinda ya mwenye nyumba hutoweka, wakadhani mama kekeo ndiye awatoaye. Jenner alikaa akatazama, akaona kwamba kinda wa kekeo mwenyewe, hajafumbua macho bado, huwabeba wenzake mgongoni penye kibonde na kuwasukuma nje, na kibonde hicho hujifuta baada ya siku 12 hivi. Alipochapisha habari hiyo mwaka 1788 wengine walimcheka, na kuna waliomtilia shaka hadi picha za karne ya 20 zilipomthibitisha. Kwa kazi hiyo alichaguliwa mwaka 1789 kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme, baraza kuu la wanasayansi wa Uingereza.

Kuna jambo jingine la wakati huo ambalo halisimuliwi sana, nami nalipenda kuliko yote. Jenner, kwa kupasua maiti za wagonjwa waliokufa kwa maumivu ya kifua, alitambua kwamba mishipa inayolisha moyo ilikuwa imekuwa migumu na kuziba. Yalikuwa maarifa mapya. Lakini alikuwa akiona kutoka mbali ya kuwa mwalimu wake Hunter ana dalili zilezile. Lau angeyachapisha, Hunter angeyasoma na kujua kwamba hana dawa. Akanyamaza. Hunter alikufa ghafla Oktoba 1793, akapasuliwa, na mishipa ya moyo wake ikakutwa kama mwanafunzi alivyohofu. Maarifa yale yalichapishwa na rafiki yake Caleb Parry mwaka 1799. Hivyo ndivyo adabu ya mwanafunzi kwa mwalimu wake ilivyomgharimu fahari ya ugunduzi, na sijasoma popote kwamba alijuta.

Wakati wote huo alikuwa akikusanya habari za ndui ya ng'ombe. Palikuwa na chama cha matabibu waliokutana Alveston, si mbali na Bristol, kula na kuzungumza. Jenner alileta habari ya ng'ombe mara nyingi hata wenzake wakatishia, nusu kwa mzaha, kumfukuza chamani. Wala hakuwa wa kwanza kujaribu. Mwaka 1774 mkulima Benjamin Jesty wa Yetminster, jimbo la Dorset, alipoona ndui inakuja, alimchanja mkewe na wanawe wawili kwa usaha wa ng'ombe akitumia sindano ya kushonea soksi. Wakapona, na majirani wakamzomea. Jesty aliikinga nyumba yake akanyamaza. Jenner alitaka kujua kama yafaa kwa kila nyumba, na kama yaweza kutoka mkono wa mtu hadi mkono wa mtu bila ya ng'ombe.

Tarehe 14 Mei 1796 msichana Sarah Nelmes alifika na malengelenge mkononi, aliyoyapata kwa ng'ombe aitwaye Blossom. Jenner akachukua majimaji yake, akamchanja mtoto James Phipps, wa miaka minane, mwana wa kibarua. Siku ya tisa mtoto alipata baridi na homa ndogo, kesho yake akawa mzima. Tarehe 1 Julai Jenner akamchanja tena, mara hii kwa usaha wa ndui yenyewe. Hakikutokea kitu.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza: mtoto wa nani huyo? Mbona hakuwa wa tajiri? Nimelifikiri sana swali hili, na sikulimaliza. Ni kweli kwamba kuchanjwa kwa ndui yenyewe ilikuwa desturi ya wakati ule, Jenner mwenyewe alifanyiwa katika umri uleule, kwa hiyo lile la Julai halikuwa la kigeni kama linavyotushtua leo. Ni kweli pia kwamba alimjaribu hata mwanawe Robert, mtoto mchanga, mwaka 1798. Lakini Phipps ndiye aliyetangulia, na baba yake hakuwa mtu wa kumkatalia daktari. Jenner alilijua deni hilo. Miaka baadaye alimpa Phipps nyumba ya kukaa bila ya kodi, na yasemekana alipanda maua ya waridi bustanini kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1797 alipeleka maandishi yake London kwa Jumuiya ile iliyomheshimu kwa habari ya kekeo. Yakarudishwa. Aliambiwa asihatarishe jina lake jema kwa jambo lisiloelekea. Mtu aliyekubaliwa alipoleta habari ya ndege akakataliwa alipoleta habari ya ng'ombe. Na mimi nadhani kosa la ile habari ya pili lilikuwa ni kwamba mashahidi wake walikuwa wakulima na wasichana wa kazi. Alirudi mashambani, akangoja ugonjwa utokee tena kwa ng'ombe, akaongeza majaribio, na mwaka 1798 akachapisha kwa gharama yake kitabu kidogo cha kurasa 75, chenye visa 23. Kikisomwa leo kinaonekana kama daftari la kijiji: fulani, mtumishi wa shamba fulani, alikama ng'ombe mwaka fulani.

Alipokwenda London mwaka huo kutafuta watu wa kuchanjwa alikaa miezi mitatu asipate hata mmoja. Kisha kelele zikaanza. Makasisi wengine walisema ni haramu kumtia mtu uchafu wa mnyama. Mwaka 1802 mchoraji James Gillray alitoa picha ya watu waliochanjwa wakiotwa na vichwa vya ng'ombe mikononi na usoni. Waliokaa barazani kwetu wakati wa kampeni za chanjo za miaka ya karibuni, wakasikia mambo yaliyosemwa, wataitambua picha hiyo bila ya kuiona.

Hata hivyo chanjo ilikwenda mbio. Na iliposafiri Mashariki ilipita njia ambazo mababu zetu mabaharia walizijua. Kutoka Vienna ilifika Istanbul na Baghdad, ikateremka Basra, ikapakiwa jahazini kupita Ghuba ya Uajemi, ikichanjwa mkono kwa mkono ili isife njiani, na mwezi Juni 1802 ikafika Bombay, ambako mtoto wa miaka mitatu alikuwa wa kwanza kuchanjwa ikashika. Mwaka 1803 mfalme wa Hispania alituma merikebu Amerika na watoto yatima, wakichanjwa wawili wawili kwa zamu, miili yao ikiwa ndiyo chupa za dawa. Napoleon, ilhali anapigana na Waingereza, aliwaachia baadhi ya wafungwa kwa ombi la Jenner.

Bunge la Uingereza lilimpa pauni 10,000 mwaka 1802 na pauni 20,000 mwaka 1807. Fedha zilihitajika, maana alikuwa amewacha kazi yake ili ajibu barua za dunia nzima, na chanjo yenyewe hakuiuza. Angeweza kuifanya siri na kuwa tajiri, kama matabibu wengi wa wakati ule. Katika bustani ya nyumba yake ya Berkeley kuna kibanda cha magogo na magome ya miti; hapo ndipo alipowachanja maskini bure, nao walipanga foleni. Nyumba hiyo leo ni makumbusho, na kibanda kipo. Ngozi ya yule ng'ombe Blossom nayo imehifadhiwa London, katika chuo cha utabibu cha St George's.

Hakuwa sahihi kwa yote. Alidai kwamba kinga ya chanjo hudumu maisha, na baadaye ikaonekana kuwa huhitaji kurudiwa. Alishikilia kwamba ndui ya ng'ombe asili yake ni ugonjwa wa farasi, akachekwa. Lakini uchunguzi wa siku hizi wa chanjo za zamani umeonyesha kwamba baadhi yake ziko karibu mno na ndui ya farasi.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya upweke. Mwanawe mkubwa, Edward, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1810, akiwa na miaka 21. Mkewe Catherine akafa kwa ugonjwa huohuo mwaka 1815. Jenner aliacha kwenda London, akabaki na ndege wake na wagonjwa wa kijijini. Alifariki tarehe 26 Januari 1823 kwa kiharusi, akazikwa katika kanisa la Berkeley kando ya wazazi wake. Miongoni mwa waliofuata jeneza alikuwamo James Phipps, mtu mzima wa miaka 35.

Mimi ni katika kizazi cha mwisho kilichochanjwa ndui hapa kwetu. Alama ninayo mkononi, na wanangu hawana. Hawakuihitaji. Mgonjwa wa mwisho duniani kuipata ndui kwa njia ya kawaida hakuwa mbali nasi. Alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, mji wa pwani ya Somalia, aliyetoka vipele Oktoba 1977 baada ya kupanda gari pamoja na wagonjwa wawili ili amwonyeshe dereva njia. Alikuwa akifanya kazi hospitalini na hakuwa amechanjwa. Alieleza baadaye kwamba aliogopa sindano itamuuma. Alipona. Tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha ulimwenguni. Maalin aliingia katika kampeni ya polio, akawa anapita nyumba kwa nyumba akiwasimulia wazazi waliokataa chanjo yaliyompata yeye. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo.